Mimi ni wa snokeli, wao ni wa mtungi: tutasafirije pamoja?

Mpendwa Mshauri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia baada ya wiki mbili za kulala nikiwaza jambo ambalo wengine wataliona dogo. Ni safari ya mapumziko, si msiba. Lakini limeanza kunikosanisha na watu wangu, na sijui niseme nini bila kuonekana mtu wa kuharibu raha za wenzake.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nina miaka 44, na sasa tunaishi Houston, Texas. Mume wangu na mdogo wake, yaani shemeji yangu, huzamia kwa mtungi wa hewa. Mume wangu ana cheti cha mwanzo cha kushuka mpaka mita 18, shemeji ana kile cha pili cha mita 30. Mwaka jana kijana wetu wa miaka 16 naye alihitimu. Tunaobaki juu ni watatu: mimi, binti yetu wa miaka 11, na mama mkwe wangu mwenye miaka 67, ambaye anameza dawa za presha na hajui kuogelea. Mama bado anatumia paspoti ya Kenya na ana grini kadi. Sisi wengine tuna paspoti za Marekani.

Mimi kuogelea najua, si sana. Nilijifunza Nyali wakati wa maji kupwa, na Kisite, ile hifadhi ya bahari ya kusini mwa pwani ya Kenya, nimevaa snokeli, yaani mrija wa kupumulia uso ukiwa majini, mara kadhaa. Pale nilijisikia nyumbani. Mashua inafungwa, unashuka ngazi, ukitazama chini matumbawe hayo hapo, na samaki wa kila rangi.

Miaka miwili iliyopita tulikwenda Cozumel, Mexico. Kampuni ya kuzamia ilituambia hakuna shida, wenye snokeli wapande boti moja na wazamiaji, walipe nusu bei. Tulipofika mahali, wazamiaji waliingia, nasi tukaambiwa tuwafuate. Nikatazama chini nikaona buluu tupu na mapovu yakipanda kutoka mbali. Kisha mkondo ukatubeba. Binti yangu alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu, miwani yake imejaa maji, anakunywa chumvi. Boti ilikuwa inafuata mapovu, nasi tunazidi kwenda upande mwingine. Zilipita kama dakika 15 kabla nahodha hajageuka kutuchukua. Mtoto alitapika njia nzima. Mume wangu alipopanda alikuwa ananawiri kwa furaha, ameona kasa na taa mkubwa. Sikutaka kumharibia. Nikasema, "Sisi tulichoka tu." Mpaka leo hajui nilivyoogopa.

Sasa shemeji amependekeza siku nane Bonaire, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Uholanzi, mwisho wa Julai. Anasema huko ndiko kwa wazamiaji hasa: unakodi pikapu, unapakia mitungi, unaegesha popote pwani na kuingia baharini kwa miguu, mara tatu au nne kwa siku. Yeye ndiye atakayelipia nyumba. Nimesoma nikaona pwani yake ni mawe, mchanga haba. Ina maana nitakaa juu ya mawe na mama mkwe, tukilinda mifuko? Nilipendekeza hoteli ya ufukweni Roatán, Honduras, ambayo chakula na kila kitu kimo kwenye bei. Nikaambiwa huko ni kwa watalii. Mume wangu akaja na wazo la tatu: tugawane, wao siku nne Bonaire, sisi tukae kisiwa kingine, kisha tukutane. Binti amesikia yote hayo, sasa hataki tena snokeli. Anataka kozi ya mtungi kama kaka yake, na ami yake amemwahidi kuwa atasomea huko huko.

Jambo jingine, mimi huogelea na vazi la stara na mtandio wa kuogelea. Cozumel miwani yangu ilivuja muda wote, nikaambiwa ni kwa sababu ya mtandio.

Je, kuna mahali Karibi ambapo mwenye snokeli si mzigo? Nitamwambia vipi shemeji, ambaye ndiye anayelipa, kwamba naogopa mahali alipopachagua? Au nibaki Houston na mama mkwe, wao waende?

Mama wa Wawili, Houston

*

Waalaykum salaam, dada yangu.

Katika barua yako neno lililonishika ni "mzigo". Hukuandika kwamba kuna mtu aliyekuita hivyo. Mume wako hakulisema, wala shemeji. Limetoka kwako mwenyewe, na nahisi lilizaliwa katika zile dakika 15 za Cozumel. Ndiyo maana nitaanzia huko kabla ya kufika Bonaire.

Upande wa magharibi wa Cozumel bahari ina mwendo. Mkondo hupita sambamba na pwani, mara nyingi ukielekea kaskazini, na kuzamia kwa huko ni kujiachia uchukuliwe. Boti haifungwi kwenye boya, inafuata mapovu. Wazamiaji hushushwa karibu na ukingo wa mwamba wa matumbawe, na mahali pengi hapo kilele cha mwamba chenyewe kiko mita 10 au 15 chini. Aliye juu hawezi kuona kitu cha maana kwa kina hicho. Maji humeza wekundu wa mwanga katika mita chache za mwanzo, kinachobaki ni buluu na vivuli. Zaidi ya hayo, mkondo wa juu na wa chini haulingani kasi, na upepo unamsukuma aliye juu peke yake. Dakika kumi zikipita makundi mawili yako mahali mbalimbali, na nahodha ni mmoja. Atawafuata walio chini, kwa kuwa hao hawaonekani.

Kwa hiyo hata muogeleaji hodari angebebwa siku ile. Mliuziwa viti vilivyobaki kwenye safari iliyopangwa kwa watu wengine: hakuna kiongozi aliyeingia majini pamoja nanyi, hakuna boya la kushikilia, na hakuna aliyewaambia mkondo unaelekea wapi. Kama ungeuliza kabla ya kulipa, "Juu ya mwamba ni mita ngapi, na nani ataingia majini nasi?" majibu yangekutosha kubaki ufukweni. Maswali hayo mawili yaweke mfukoni kwa kampuni yoyote, kisiwa chochote.

Sasa rudi Kisite. Ulichokipenda pale kinapimika: mwamba unaoanza mita moja mpaka tano chini ya uso wa maji, mashua iliyofungwa, ngazi, na maji yaliyokingwa. Huo ndio mwamba mzuri kwa mwenye snokeli popote duniani, na saa zake nzuri ni kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa juu. Mzamiaji hakosi raha mwamba wa aina hiyo ukiwa na mteremko upande wa nje, kwa sababu anaweza kuanzia hapo hapo na kushuka. Wewe ndiye usiyeweza kupata chochote kwenye mwamba unaoanzia mita 15. Wanaopanga safari za watu mchanganyiko wakianza na mahitaji ya aliye juu, wa chini kwa kawaida hapungukiwi na mengi. Wakianza na wa chini, wa juu hupewa kilichobaki.

Kuna tabia moja ya pwani yetu itakayokupotosha. Mtu wa Mombasa hupanga kuogelea kwa kupwa na kujaa, na wakati wa bamvua maji hupanda zaidi ya mita tatu. Karibi, mahali pengi, tofauti haifiki nusu mita. Usipoteze muda kutafuta ratiba ya maji. Kinachotawala huko ni upepo, na unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Upande wa joshi, yaani mashariki, kuna mawimbi. Upande wa demani, magharibi, maji hutulia. Ukiona hoteli nzuri kwenye picha, kitu cha kwanza ni ramani: imetazama upande gani?

Haya, tuje Bonaire. Shemeji amesema kweli, na wewe umesoma kweli, lakini kuna kipande ambacho nyote wawili mmekiruka. Mwamba wa Bonaire umeambatana na ufuko. Ukiingia kutoka nchi kavu unakuta kwanza uwanda wa maji ya mita mbili mpaka kumi, wenye matumbawe, pono, na mara nyingi kasa; baada ya kuogelea kidogo tu unafika ukingo, na hapo mwamba unateremka mpaka mita 30 na zaidi. Mzamiaji anapita juu ya uwanda huo akienda zake. Wewe unabaki hapo, na ndipo penye mwanga na samaki wengi. Pwani ya demani ina vituo zaidi ya 80, vingi vikiwa na mawe ya rangi ya manjano yaliyoandikwa jina kando ya barabara, na sehemu kubwa ya vituo hivyo hufaa kwa mtungi na kwa snokeli pia. Bahari yote inayokizunguka kisiwa ni hifadhi tangu mwaka 1979. Kwa hiyo ile picha yako ya kukaa juu ya mawe ukilinda mifuko inaweza kutimia, lakini haikuandikwa.

Inatimia lini? Nyumba ikikodiwa ndani ya kisiwa, mbali na maji, na gari likiwa moja lililojaa mitungi. Hapo kila safari ya baharini itakuwa yao, kwenye kituo chao, kwa saa yao, na nyie mtakuwa abiria. Nyumba ikiwa ufukweni, kwenye hoteli au fleti zenye gati na ngazi ya kuingilia majini, mambo yanabadilika. Unashuka unapotaka, unapanda unapochoka, mama amekaa kivulini anakuona. Ongeza gari dogo la pili. Ni gharama, lakini hakuna kitakachokuondolea ile hisia ya mzigo kama ufunguo wako mwenyewe. Kabla ya kuikataa Bonaire mbele ya shemeji, ungependa kwanza kujua ni nyumba gani anayoitazama?

Mawe nayo ni ya kweli. Mahali pengi unaingilia juu ya vipande vya matumbawe mafu vinavyoteleza na kukata. Viatu vyepesi vya kuogelea havitoshi. Nunueni buti za kuzamia zenye soli ngumu, na mapezi ya miguuni ya aina ya wazi nyuma, yenye mkanda, ili yavaliwe juu ya buti. Miwani huvaliwa mkiwa bado nchi kavu, mapezi mnayashika mkononi. Mnatembea mpaka maji ya kiunoni, mnashikana mabega, kila mmoja anavaa kwa zamu, kisha mnalala juu ya maji mara moja. Watu wengi huumia wakijaribu kutembea na mapezi kwenye mawe, au wakisimama kwenye maji ya gotini wimbi likija. Kama bahari inavunja juu ya mawe, mnaghairi na kwenda kituo kingine. Ndiyo faida ya gari. Te Amo, karibu na uwanja wa ndege, pana mchanga na ni pepesi kuanzia. Kile kinachoitwa 1000 Steps ngazi zake ni kama sabini tu, lakini kuzipanda kwa jua la adhuhuri na mtoto aliyechoka ni kazi.

Mkitaka mchanga, kuna siku mbili nzuri sana Bonaire. Moja ni Klein Bonaire, kisiwa kisichokaliwa na watu kilichoko mkabala na mji wa Kralendijk. Boti ya abiria inawashusha No Name Beach, mchanga mweupe, mwamba mbele yenu. Hakuna duka wala choo, na kivuli ni cha kubahatisha, kwa hiyo bebeni maji na chakula. Ya pili ni Sorobon, upande wa mashariki, ndani ya ghuba ya Lac iliyokingwa na mwamba. Maji ni ya kiunoni umbali mrefu, chini mchanga. Mama mkwe wako anaweza kukaa ndani ya maji hayo asubuhi nzima bila kujua kuogelea. Upepo pale ni mkali, na wenye mbao za tanga wapo wengi, basi kaeni kando ya njia yao.

Wekeni pia kwenye hesabu: kila mgeni mzima hulipa kodi ya kuingia ya dola 75, na anayeingia baharini, hata kwa snokeli, hulipa ada ya hifadhi ya dola 40. Glavu zimekatazwa, na mafuta ya jua yenye kemikali ya oksibenzoni hayaruhusiwi. Mikono mirefu na suruali ya kuogelea ndiyo kinga bora. Vazi lako la stara linakupa faida ambayo wengi huitambua usiku, migongo ya miguu ikishaungua.

Roatán nayo usiikubali wala kuiacha kwa neno moja la shemeji. Ni sehemu ya mwamba mkubwa unaoanzia Mexico, kupita Belize na Guatemala, mpaka Honduras, na wazamiaji wazoefu huenda huko. West Bay ina ufuko wa mchanga, na upande wa kusini wa ufuko huo mwamba uko karibu kiasi cha kuogelea hatua chache tu. Wazamiaji wanachukuliwa na boti hapo hapo, wengi wanafika kituo kwa dakika tano mpaka kumi na tano, wanarudi kwa chakula cha mchana. Kwa mama ni rahisi kuliko Bonaire. Wanachopoteza kina shemeji ni uhuru: watazamia kwa saa za boti, si kwa saa zao. Na unachopaswa kuangalia wewe ni boti za abiria zinazopita karibu na ufuko, kwa hiyo mbaki ndani ya mstari wa maboya. Usubi wa mchangani huuma asubuhi na jioni upepo ukitulia. Pakeni mafuta na msilale kwenye mchanga wenyewe.

Julai, kwa upande wa hewa, inaipa Bonaire nguvu kidogo. Msimu wa vimbunga ni tangu Juni 1 mpaka Novemba 30, na kilele chake ni kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Oktoba. Bonaire iko kusini sana, nje ya njia ya kawaida ya vimbunga, ingawa havijawahi kuwa na mkataba na mtu. Roatán iko ndani ya eneo lenyewe. Nyie wa Houston hamhitaji kuelezwa: kimbunga Beryl, kilichowakatia umeme Julai 2024, kilikuwa kimeshapiga kisiwa cha Carriacou, Grenada, tarehe 1 na Mexico tarehe 5 kabla ya kuwafikia. Popote mtakapokwenda, bima ya safari inunuliwe mapema. Kimbunga kikishapewa jina, bima mpya haitakilipia.

Wazo la mume wako la kugawana siku nalisikia kama jitihada ya mtu anayetaka kila mmoja afurahi, hata kama hajui tatizo ni lipi. Lina ugumu wake. Mtu aliyezamia siku kadhaa mfululizo anashauriwa kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na ile ndege ndogo ya kisiwa hadi kisiwa nayo ni ndege. Naitrojeni iliyobaki mwilini hupanuka shinikizo la hewa likipungua, haijali urefu wa safari. Kwa hiyo siku nne za Bonaire zinakuwa tatu za kuzamia, na wao watafika kwenu na siku moja imeliwa na viwanja vya ndege. Kwa familia nyingine inafaa. Kwenu je, ni umbali unaoutafuta, au ni kutokuwa tena kwenye ile boti?

Maana kuwa pamoja hakulazimu boti moja. Kuna mpangilio ambao watu wa makundi mchanganyiko hupenda Bonaire: wazamiaji wanaingia saa moja asubuhi, upepo ukiwa bado mdogo, nyie mmelala. Saa tatu wamerudi. Lazima wapumzike juu ya maji kama saa moja au zaidi kabla ya kushuka tena, na hapo ndipo mnaingia wote na snokeli, kituo kile kile, baba akiwa mkono wa kushoto wa binti yake. Akizamia tena, azamie alasiri. Na siku ya mwisho kabla ya ndege, ambayo hawaruhusiwi kugusa mtungi, ni siku ya Klein Bonaire kwa kila mtu. Siku hiyo ipo kwenye kila safari ya mzamiaji, Roatán pia. Je, umewahi kuihesabu kuwa ni yako?

Binti. Nafikiri anachokikimbia si snokeli. Ni kumbukumbu ile ile uliyo nayo wewe, naye ana miaka 11 na hana maneno yake. Kozi inawezekana. Kwa utaratibu wa PADI, shirika linalotoa vyeti vya kuzamia, mtoto wa miaka 10 au 11 anapewa cheti cha vijana, haruhusiwi kupita mita 12, na lazima azamie na mzazi au mlezi mwenye cheti, au na mwalimu. Hilo lina maana kwa baba yake: akizamia na binti, mita zake 18 zinakuwa 12. Kusomea huko huko kunakula siku tatu au nne za likizo, asubuhi nzima. Njia nyingine ni kumaliza nadharia na mazoezi ya bwawa hapo Houston, kisha kupeleka barua ya mwalimu na kufanya mizamio minne ya baharini kisiwani. Kikwazo cha watoto wengi ni masikio: mrija unaosawazisha shinikizo bado mwembamba, na mafua kidogo tu yanauziba. Mtoto akiwa na mafua hazamii, hata kama pesa zimelipwa, na anayeshinda hilo kwa kumlazimisha anaweza kumpasulia ngoma ya sikio. Kama hampo tayari, kuna jaribio la siku moja na mwalimu, tangu miaka 10. Ila namwomba ami yake asiahidi kabla ya kumwona mtoto akitoa maji kwenye miwani bwawani bila hofu. Mtu anayeogopa maji puani juu ya maji ataogopa zaidi mita sita chini.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwenye miwani. Mpira wa ukingo wa miwani lazima ukae juu ya ngozi pande zote. Kitambaa kikiingia chini yake kwenye paji la uso, hata unywele mmoja, maji yanapita. Vaa miwani kwanza, mtandio uwe umesogezwa nyuma. Hakikisha ukingo wote uko kwenye ngozi. Kisha vuta mtandio mpaka ukutane na miwani. Mkanda unaweza kupita juu ya kitambaa bila tatizo, tena hautavuta nywele. Usiukaze sana, maana kukaza kunakunja mpira na kuzidisha uvujaji. Kujua saizi: weka miwani usoni bila mkanda, vuta hewa puani kidogo, achia mkono. Ikishika yenyewe, inakufaa. Miwani mipya ina utando wa kiwandani kwenye kioo; sugua ndani kwa dawa ya meno, suuza, rudia mara mbili tatu, la sivyo itafanya ukungu safari nzima. Na ya binti iwe ya mtoto. Mara nyingi mtoto anayekunywa chumvi amevalishwa miwani ya mtu mzima.

Kwa mama mkwe, presha si kizuizi cha kwenda, lakini snokeli ni kazi kwa moyo na mapafu kuliko inavyoonekana: unavuta hewa kupitia mrija huku maji yanabana kifua. Amwone daktari wake kwanza. Akiruhusiwa na akitaka, iwe maji ya kiunoni, na jaketi la kuelea, dakika chache, na mtu amesimama naye. Ile miwani inayofunika uso mzima ningependa asiitumie, kwa kuwa ni vigumu kuivua haraka mtu akikosa pumzi. Nawe pia vaa jaketi lile la kupuliza kwa mdomo. Halimfanyi mtu kuwa mtoto. Linakuachia mikono yote miwili kwa bintiyo. Na mapema kabisa, kabla ya tiketi, ulizeni ubalozi wa Uholanzi kwa Bonaire, au wa Honduras kwa Roatán, kuhusu paspoti ya Kenya yenye grini kadi, pamoja na visiwa ambavyo ndege itatua njiani. Kama mama alikuwa Kenya karibuni, cheti cha homa ya manjano kiwe mkobani.

Umeuliza utamwambia vipi shemeji. Najiuliza kama yeye ndiye wa kwanza kuambiwa. Mume wako anapanga safari hii akiwa na picha ya Cozumel ambayo ulimpa wewe: "tulichoka tu". Kwa picha hiyo, mapendekezo yake yote ni ya busara. Ukimweleza zile dakika 15 kama ulivyoniandikia mimi, bila lawama, kuna hatari: ataumia kwamba hukumwambia, labda ataogopa kupita kiasi na kukuamulia usiingie majini tena. Ukinyamaza kuna hatari nyingine, kwamba utakwenda Bonaire au Roatán ukiwa na hofu ambayo hakuna aliyeiandalia nafasi. Kubaki Houston nako si aibu. Ila binti atajifunza nini kuhusu bahari, mama yake akibaki, hilo unalijua wewe kuliko mimi.

Ukizungumza na shemeji, ukitaka, usianze na jina la kisiwa. Anza na nyumba: "Shemeji, tupate yenye gati na ngazi, na gari la pili nitalilipia mimi." Huenda akakubali papo hapo, kwa kuwa kwake pia ngazi ni bora kuliko mawe akiwa na mtungi mgongoni. Huenda akasema bei haimruhusu; basi mtakuwa mnazungumzia pesa, jambo ambalo lina hesabu, na Roatán itarudi mezani bila mtu kushindwa.

Wakati wanafikiri, tafuteni bwawa Jumamosi hii, wewe na binti. Nendeni na miwani miwili mipya iliyosuguliwa, mtandio wako, na snokeli. Mwache ajaze maji kwenye miwani kwa makusudi, ashike fremu ya juu, aangalie juu kidogo, apulize kwa pua mpaka yatoke. Mara kumi. Akifika ya nne au ya tano, muulize anakumbuka nini cha Cozumel.

Mshauri wako